Ukipewa kiti cha kwenda angani: leseni, cheti au tume ya serikali?

Mwafrika kwenda angani si ndoto tena. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alilipia kiti chake ndani ya Soyuz, chombo cha Urusi, mwaka 2002, akakaa kwa siku kadhaa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Sara Sabry wa Misri alipanda New Shepard ya kampuni ya Blue Origin Agosti 2022, kwa kiti alichopewa na shirika lisilo la kibiashara. Owolabi Salis, Mnigeria, alipanda chombo hichohicho Juni 2025. Na tangu setilaiti yetu ya Taifa-1 irushwe Aprili 2023, wanafunzi wa uhandisi hapa Nairobi wameacha kuuliza kama zamu ya Mkenya itafika. Wanauliza: kiti kikitokea, mtu akubali kipi?

Viti hivyo haviko sawa, na tofauti kubwa haionekani kwa macho. Haiko kwenye ukubwa wa dirisha wala urefu wa safari. Iko kwa mtu aliyekikagua chombo kabla yako: ni nani, anajibu kwa nani, ana uwezo wa kukizuia kisiruke, na je, ameshawahi kukizuia? Naandika kwa ajili ya vijana hao, na pia kwa mawakili na maafisa watakaokuja kutunga sheria zetu za anga, maana maswali yao yanaanzia hapohapo.

Swali la mwisho ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, na Mnairobi hahitaji kuelezwa sana kwa nini. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines namba ET302 iliondoka Addis Ababa kuja uwanja wa JKIA, Nairobi, na ikaanguka dakika sita baadaye. Watu wote 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya. Ndege ile, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa na cheti kamili. Mfumo wake wa MCAS, uliokuwa ukiisukuma pua ya ndege chini, ulitegemea taarifa za kitambuzi kimoja tu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuithibitisha ndege hiyo ilikuwa imekabidhiwa waajiriwa wa Boeing wenyewe, wakiifanya kwa niaba ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Na miezi minne na ushei kabla yake, Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ya aina hiyohiyo ilikuwa imeanguka Indonesia ikaua watu 189, lakini aina hiyo ikaachwa iendelee kuruka. Mhuri ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema hapana kwa wakati.

Kwa hiyo nalinganisha njia tatu: leseni ya FAA, cheti cha NASA, shirika la anga la Marekani, na tume ya serikali inayotumika Urusi, huku China nikiigusa kidogo.

Leseni: anayelindwa ni aliye chini

Safari za dakika kumi hivi, zile zinazopanda hadi kilomita 100 au karibu na hapo kisha zinarudi, huruka kwa leseni ya FAA. Wengi husikia jina FAA wakafikiri ni ulinzi uleule wanaoupata wakipanda ndege ya abiria. Sivyo kabisa. Leseni ya kurusha roketi imewekwa kumlinda mtu ambaye hayumo ndani. Sheria inataka hatari kwa umma wote isizidi majeruhi 1 anayetarajiwa kwa kila safari 10,000, na kwa mtu mmoja mmoja asiyehusika isizidi nafasi 1 katika 1,000,000. Abiria hana namba yake.

Ulinzi huo wa walio chini nauheshimu, na mtu wa Makueni anauelewa kuliko mimi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba ilikuwa kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Anayerusha roketi lazima abanwe kwa ajili ya watu wa namna hiyo, ambao hawakununua tiketi wala kusaini chochote.

Lakini wewe uliye kwenye kiti? Mwaka 2004 Bunge la Marekani liliizuia FAA kuweka kanuni za usalama wa wanaosafiri ndani ya vyombo hivi, kwa hoja kwamba sekta ilikuwa changa na ingekabwa ikiwa bado tumboni. Zuio hilo lilikuwa liishe 2012. Likasogezwa hadi 2015, kisha 2023, na sheria ya Mei 2024 ikalisogeza hadi Januari 1, 2028. Kwa sasa FAA inaweza kuingilia muundo wa chombo kwa ajili ya abiria pale tu ambapo kitu kimeshaua au kujeruhi vibaya, au kimekaribia kufanya hivyo.

Badala ya cheti kuna ridhaa. Kampuni lazima ikuambie kwa maandishi kwamba serikali ya Marekani haijakithibitisha chombo hicho kuwa salama kwa kubeba watu. Ikueleze hatari inazozijua, ikupe rekodi ya usalama, pamoja na idadi ya watu waliokufa au kuumia vibaya katika safari za angani. Ikupe nafasi ya kuuliza maswali ana kwa ana. Kisha unasaini, na unasaini pia kwamba hutaidai serikali hiyo. Aliyewahi kwenda Sagana kushindana na maji ya mto Tana anaijua karatasi ya namna hii. Tofauti ni kwamba kule Sagana unayaona maporomoko kabla hujashika kalamu, na hapa huwezi kuona lolote ndani ya vali na nyaya.

Ajali ya Oktoba 31, 2014 inaonyesha mahali mfumo huu unapovuja. Chombo VSS Enterprise, kilichojengwa na Scaled Composites kwa ajili ya Virgin Galactic, kilidondoshwa kutoka kwenye ndege mama juu ya jangwa la Mojave, kikawasha injini. Kilikuwa na mkia unaokunjwa juu wakati wa kurudi ili kupunguza kasi. Ili mkia huo uweze kukunjwa, rubani msaidizi anavuta wenzo wa kuufungua kufuli, na anapaswa kusubiri chombo kifike mara 1.4 ya kasi ya sauti. Michael Alsbury aliuvuta kwenye takriban mara 0.8. Nguvu za hewa zikausukuma mkia wenyewe, chombo kikasambaratika, Alsbury akafa. Rubani mwenzake, Peter Siebold, alinusurika kwa parachuti.

Ungeweza kusema ni kosa la rubani ukafunga faili. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, haikufanya hivyo. Ilisema kampuni ilishindwa kufikiria kwamba kosa moja la binadamu linaweza kuangamiza chombo kizima, na haikuweka kinga dhidi yake. Ilisema pia kwamba FAA ilikuwa imetoa msamaha kwa kampuni kuhusu uchambuzi wa makosa ya binadamu na ya programu za kompyuta, na kwamba baadhi ya wataalamu wa FAA walieleza jinsi maswali yao yalivyochujwa na wakubwa wao yakionekana hayahusu usalama wa umma moja kwa moja. Hili la kuchujwa maswali ndilo linaloniuma zaidi. Mkaguzi aliliona la kuuliza, akaambiwa halimhusu, kwa sababu aliyekuwa hatarini alikuwa ndani ya chombo na si chini yake.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Safari fupi ina mzigo mdogo kimaumbile. New Shepard hufikia kama kilomita 3,600 kwa saa, wakati chombo cha kuzunguka dunia kinahitaji kama 28,000, na joto la kurudi halilingani hata kidogo. Septemba 12, 2022, New Shepard iliyokuwa haina watu ilipata hitilafu kwenye bomba la injini. Kapsuli ikajichomoa yenyewe na kutua kwa parachuti. FAA iliisimamisha na kudai marekebisho 21 kabla ya kuiruhusu tena. Kapsuli inayojiokoa bila kumsubiri rubani, iliyofanya hivyo mbele ya macho ya watu, ina uzito mkubwa kwangu kuliko kurasa nyingi za ahadi. Ila elewa kwamba kampuni iliiweka kwa hiari yake. Hakuna kanuni ya kumlinda abiria iliyoilazimisha.

Cheti: maswali ya miaka

NASA inapowapandisha wanaanga wake kwenye chombo cha kampuni, hairidhiki na leseni. Inakithibitisha. Mwaka 2014 ilizipa SpaceX na Boeing mikataba ya kujenga vyombo vya kupeleka watu katika Kituo cha Anga, na katika masharti iliweka namba: uwezekano wa kupoteza wanaanga katika safari ya siku 210 usizidi 1 katika 270. Usiione namba hiyo ukashtuka. Kwa ndege ya abiria, hitilafu ya kuangamiza inatakiwa isizidi nafasi moja katika bilioni kwa kila saa ya kuruka, kwa hiyo anga bado iko mbali sana na JKIA. Lakini vyombo vya shuttle, vilivyowabeba wanaanga wa NASA zamani, viliruka mara 135, viwili vikapotea, watu 14 wakafa. Ukigawanya, unaona kwamba 1 katika 270 ni kupanda ngazi kweli.

Namba yenyewe hutoka kwenye mahesabu, na mahesabu yanaweza kupendezeshwa. Ninachokitazama ni njia ya kuifikia. Machi 2019 kapsuli ya Dragon ya SpaceX ilikwenda kituoni bila watu na ikarudi salama. Aprili 20 mwaka huohuo, kapsuli ileile ikalipuka kwenye jaribio la ardhini. Uchunguzi uligundua kwamba vali moja ilivujisha kiasi kidogo cha kioksidishaji, kimiminika kinachofanya mafuta ya roketi yawake, kikaingia kwenye mirija ya heliamu. Shinikizo lilipopanda kwa ghafla, kimiminika hicho kikagonga kipande cha titani na kuwasha moto. Vali zikaondolewa, zikawekwa diski zinazopasuka mara moja tu na hazivuji. Januari 2020 wakajaribu kuichomoa kapsuli kwenye roketi ikiwa tayari angani. Mei 30 Bob Behnken na Doug Hurley wakapanda. Cheti kilitolewa Novemba 2020, miaka sita baada ya mkataba.

Na yule mwenye kusema hapana? Starliner ya Boeing ndiyo jibu. Jaribio lake la kwanza, Desemba 2019, saa ya chombo ilikosea kwa saa 11 na hakikufika kituoni. Juni 2024 Butch Wilmore na Suni Williams walipanda wakitarajia kukaa takriban wiki moja. Heliamu ikavuja, na injini ndogo 5 za kuongozea chombo zikazimika wakati wa kukaribia kituo. Boeing iliamini chombo kinaweza kuwarudisha. NASA ikajaribu, ikahesabu, ikabishana ndani kwa ndani hadi Agosti 24, kisha ikasema hapana: kirudi kitupu. Kikatua salama Septemba 7, na wapo waliosema basi NASA iliogopa bure. Siafikiani nao. Kutua salama mara moja hakuonyeshi kwamba hatari haikuwepo, na uamuzi hupimwa kwa kilichojulikana siku ulipofanywa. Wawili hao walikaa siku 286 na wakarudi Machi 2025 kwa Dragon.

Linganisha na usiku wa kuamkia Januari 28, 1986. Wahandisi wa Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za shuttle, walisema shuttle ya Challenger isiruke kwenye baridi ile, kwa sababu mipira ya kuziba maungio ya roketi isingefanya kazi. Wakubwa wao wakajadiliana pembeni, wakageuza kauli. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kikasambaratika, na watu wote saba wakafa. NASA ya 1986 na ile ya 2024 zina jina moja, na hata baada ya Challenger ilibidi shuttle nyingine, Columbia, ipotee mwaka 2003 ndipo wahandisi wa usalama wapewe mamlaka yasiyopitia kwa msimamizi wa mradi na ratiba yake. Lipo pia jopo la ushauri la usalama, ASAP, lililoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1968 baada ya moto wa Apollo 1 kuua watu watatu. Kila mwaka hutoa ripoti kwa mkuu wa NASA na kwa Bunge, hadharani. Mtu yeyote aliye na intaneti pale Ngara anaweza kuisoma.

Huu ukali wa Kituo cha Anga, Nairobi imeuonja. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, kilituma 1KUNS-PF, setilaiti ya sentimita 10 kila upande, ikaachiwa kutoka Kibo, sehemu ya Japani ya kituo hicho, mnamo Mei 11. Kidude cha kushika mkononi. Lakini kwa kuwa kinapita mahali wanapoishi watu, setilaiti za aina hiyo hupitia mapitio ya usalama awamu kwa awamu: betri isiweze kulipuka, kingo zisimkate mwanaanga mkono, swichi zaidi ya moja zihakikishe haiwaki ikiwa ndani, na antena zisifunguke wala redio isirushe mawimbi hadi nusu saa ipite baada ya kuachiwa. Mwanafunzi akipitia hapo, haulizi tena kwa nini cheti cha chombo cha watu kinachukua miaka sita.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, na ukisahau mengine yote ulishike hili. Cheti cha NASA ni cha safari za NASA. Dragon ileile ikikodiwa na mtu binafsi kwa safari isiyokwenda kituoni, kama Inspiration4 Septemba 2021 au Polaris Dawn Septemba 2024, inaruka kwa leseni ya FAA na karatasi ya ridhaa. Katika Polaris Dawn walifungua mlango angani na kutoka nje kwa mavazi mapya. Chombo kinabeba manufaa ya maswali yote ya NASA, ndiyo. Lakini kitu kipya kilichoongezwa kwa ajili ya safari hiyo hakina mkaguzi wa nje wa kukitilia saini. Ukiambiwa "chombo hiki kimethibitishwa na NASA", uliza kama ni kwa safari hii.

Tume ya serikali: rekodi badala ya karatasi

Kwa Urusi nitakuwa mfupi, kwa sababu mengi hufanyika nyuma ya mlango. Kabla ya kila mrusho wa Soyuz huko Baikonur, tume ya serikali hukaa, husikiliza ripoti za wajenzi na madaktari, na huidhinisha chombo pamoja na watu wake. Serikali ndiyo mjenzi, mrushaji na mkaguzi. Kwa kipimo changu cha uhuru wa mkaguzi, hapo inafeli.

Kinachoiokoa ni rekodi. Soyuz imeua mara mbili: Vladimir Komarov mwaka 1967, na watu watatu wa Soyuz 11 Juni 30, 1971, pale vali ya hewa ilipofunguka wakati sehemu za chombo zinaachana. Hawakuwa na mavazi ya shinikizo, kwani watatu wasingeenea wakiwa wameyavaa. Baadaye wakapunguzwa kuwa wawili, mavazi ya Sokol yakawa lazima, na tangu hapo hakuna aliyekufa ndani ya Soyuz. Oktoba 2018 roketi iliharibika ikiwa angani na Aleksey Ovchinin na Nick Hague wakashuka salama. Desemba 2022 Soyuz MS-22 ilivuja kipoozeo ikiwa kituoni. Ikaletwa nyingine tupu kuwachukua. China nayo, Novemba 2025, ilipogundua nyufa kwenye dirisha la chombo chake cha Shenzhou-20 iliwarudisha watu wake kwa chombo kingine, kisha ikatuma Shenzhou-22 bila mtu. Mifumo iliyofungwa inaweza kusema hapana. Shida ni kwamba wewe wa nje unajua baada ya tukio, na huna pa kusoma kwa nini.

Ningechagua kipi

Kwa anayekwenda kukaa angani, mtafiti au mwanaanga wa kwanza wa Kenya, ningechagua bila kusita safari ya kwenda kituoni kwa chombo chenye cheti cha NASA. Soyuz ingekuwa ya pili, kwa heshima ya miaka yake, na kwa sharti kwamba Kenya iwe na mhandisi wake mezani.

Kwa aliyepewa kiti cha dakika kumi, sisemi ukatae. Kuna kijana ambaye kiti hicho kitamfungulia maisha. Ila itumie haki ya kuuliza kabla ya kusaini. Je, mfumo wa kujiokoa umewahi kufanya kazi kweli, au kwenye kompyuta tu? Kosa moja la rubani, au la programu, linaweza kuua? Nani ndani ya kampuni anaweza kuahirisha safari bila kumwomba msimamizi wa mauzo ruhusa, na mara ya mwisho aliahirisha kwa sababu gani? Nenda na mtu wa uhandisi aisikilize sauti ya anayejibu. Wakikwepa swali la tatu, rudi nyumbani.

Kwa mtunga sheria suala ni zito zaidi. Pwani ya Malindi iko takriban digrii 3 kusini mwa ikweta, na kutoka kwenye majukwaa ya San Marco yaliyoko baharini hapo roketi za kupeleka setilaiti ziliruka tangu 1967 hadi 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru Desemba 12, 1970. Siku mwekezaji atakuja kuomba kurusha watu kutoka pale, atakuja na mfano wa Marekani wa ridhaa mkononi, kwa sababu ni wa bei nafuu. Ulinzi wa walio chini tuuchukue ulivyo, pamoja na namba zake, na tuongeze fidia ya haraka kwa mwenye shamba kama wale wa Mukuku. Zuio la kumlinda abiria tusilichukue. Lilianza kama la miaka minane na sasa limepita ishirini. Na hatuna uwezo wa kujenga NASA yetu, kwa hiyo ningeanza na kitu kidogo: kitengo cha usalama wa safari za watu kinacholipwa moja kwa moja na Bunge, si na wizara inayomtafuta mwekezaji wala kwa ada za mrushaji, chenye mamlaka ya kuzuia mrusho hadi maswali yake yajibiwe kwa maandishi, na chenye wajibu wa kuchapisha kila mwaka orodha ya mara kilipozuia na sababu zake.